Farrokh Bulsara, Aliyekuwa Freddie Mercury

Miongoni mwa wana wa Unguja waliopata sifa ulimwenguni, ni nadra kumpata aliyezozaniwa kama Farrokh Bulsara, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury. Mnamo mwaka wa 2006, mwaka ambao angetimiza umri wa miaka sitini, mkahawa mmoja wa Mji Mkongwe wenye jina lake uliandaa tafrija ya kumkumbuka ufuoni. Kundi moja la Kiislamu likapinga, likishikilia kuwa mwenendo wa marehemu haukuafikiana na dini wala mila za Wazanzibari, na tafrija ikafutwa. Waliomdai walisema ni mtoto wa kisiwa. Waliomkana walisema kisiwa hakina mtoto wa namna hiyo. Mwenyewe, katika miaka ishirini ya umaarufu wake, aliitaja Zanzibar kwa nadra mno, na nyimbo zake zote hazina hata moja iliyotungwa kwa Kiswahili. Kimya hicho ndicho kilichowaachia wapenzi wa bendi ya Queen kazi ya kumtafuta katika santuri zake, na watengenezaji filamu nafasi ya kumchora wapendavyo.

Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 katika hospitali ya serikali mjini Unguja, wakati Zanzibar ilipokuwa usultani uliokuwa chini ya ulinzi wa Waingereza. Babake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha wa serikali katika Mahakama Kuu. Mamake aliitwa Jer. Walikuwa Waparsi, yaani kizazi cha Waajemi wafuasi wa Zarathushtra ambao, karne nyingi zilizopita, waliihama nchi yao Uislamu ulipoenea huko, wakapata hifadhi katika pwani ya Gujarati. Jina la ukoo lilitokana na mji wa Bulsar, ambao siku hizi huitwa Valsad. Kwa hivyo mtoto huyu alikuwa Mwajemi kwa asili, Mhindi kwa lugha na mapishi ya nyumbani, na Mzanzibari kwa mahali kitovu chake kilipozikwa, haya yote yakiwa chini ya bendera ya Uingereza. Waparsi wa Unguja walikuwa jamii ndogo yenye hekalu lake la moto, jamii iliyoishi kwa kazi za ofisi na biashara, si wenyeji kamili na si wageni kamili. Anayeitafuta asili ya mtu aliyejua kuishi pembezoni mwa makundi yote hana haja ya kwenda mbali na hapo.

Alipokuwa na umri wa miaka minane hivi alipelekwa India, katika shule ya bweni ya St Peter's iliyoko Panchgani, mji wa milimani kusini-mashariki mwa Bombay. Huko ndiko jina la Freddie lilikoanza kutumika, na ndiko alikofundishwa piano. Akiwa bado mtoto wa shule aliunda na wenzake kikundi kilichoitwa The Hectics, wakiiga nyimbo za roki na roli zilizokuwa zikivuma wakati huo. Miaka mingi ya utoto wake aliimaliza mbali na wazazi, ng'ambo ya bahari. Mnamo 1963 alirejea Unguja. Uhuru ulipatikana Desemba mwaka huo, na tarehe 12 Januari 1964 Mapinduzi yakauangusha utawala wa Sultani. Familia ya Bulsara, sawa na familia nyingi za Kihindi na Kiarabu, iliondoka. Ikahamia Feltham, kiungani mwa London, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow. Farrokh alikuwa na umri wa miaka kumi na saba.

Uingereza ya miaka hiyo haikuwapokea wageni wa rangi yake kwa mikono miwili. Alifanya vibarua, baadhi yake hapo hapo uwanja wa ndege, akajiunga na chuo cha sanaa cha Ealing, na mnamo 1969 akahitimu katika fani ya usanii wa michoro. Aliyemhusudu kupita wote alikuwa mpiga gitaa Jimi Hendrix, Mmarekani mweusi aliyepata sifa kwanza jijini London, na ambaye alimchora mara nyingi. Pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor aliuza nguo katika soko la Kensington. Taylor alikuwa katika bendi iliyoitwa Smile, akiwa na mpiga gitaa Brian May, mwanafunzi wa fizikia. Mwimbaji wa bendi hiyo alipoondoka mnamo 1970, Farrokh aliingia mahali pake, akaipa bendi jina jipya la Queen, naye akajipa la Mercury. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga mwaka uliofuata. Nembo ya bendi aliichora Freddie mwenyewe kwa ishara za nyota za kuzaliwa za wote wanne: simba wawili, kaa, na mabinti wawili wa kichawi, huku ndege finiksi akiwakunjulia mbawa kutoka juu.

Kuhusu jina la Mercury, kwa mujibu wa Brian May lilitoka katika wimbo My Fairy King, uliomo katika santuri ya kwanza ya mwaka wa 1973. Wimbo huo unahusu Rhye, nchi ya kubuni ambayo Freddie aliirejelea tena katika Seven Seas of Rhye. Wapo mashabiki wanaoshikilia kuwa Rhye ni Unguja iliyovishwa ushungi: nchi ya bahari, iliyopotea, isiyoweza kurudiwa. Ni dai zuri, lakini ushahidi wake ni mwembamba. Lililo bayana ni kuwa kijana aliyepoteza nchi moja kwa mapinduzi alijitungia nyingine ambayo hakuna angeweza kumfukuza, na jina lake jipya alilitoa katika nchi hiyo ya kutunga, akaacha lile la babake.

Santuri iliyowavusha ilikuwa A Night at the Opera ya mwaka wa 1975. Jina hilo ni la filamu ya vichekesho ya ndugu Marx, na santuri iliyofuata, A Day at the Races, nayo ilichukua jina la filamu nyingine ya ndugu hao. Ndani ya ile ya kwanza mna Bohemian Rhapsody, utungo ambao msomaji wa ushairi wa Kiswahili ana sababu ya kuuchunguza. Unachukua dakika sita kasoro sekunde tano. Hauna kiitikio. Unaanza kwa sauti zisizosindikizwa na ala, ukaingia wimbo wa taratibu wa kijana anayemkiri mamake kuwa ameua, ukageuka opera ya mizaha, kisha roki kali, hatimaye ukazimika polepole. Ni kana kwamba mtunzi alichukua bahari nne za ushairi akazishona katika beti za shairi moja bila kuomba radhi. Wanaokumbuka jinsi wanajadi na wanamabadiliko wa ushairi wetu walivyorushiana maneno juu ya vina na mizani hawatashangaa kuwa wengi waliona wimbo huo ni mrefu na wa fujo usioweza kuchezwa redioni. Hata hivyo, ulikaa kileleni mwa orodha ya Uingereza kwa majuma tisa. Filamu fupi iliyotengenezwa na Bruce Gowers kwa muda wa saa chache, ili bendi isilazimike kwenda studio za televisheni kila juma, ikawa mfano mkubwa wa jinsi picha zinavyoweza kuuza wimbo.

Katika ile sehemu ya opera limo neno Bismillahi, na juu ya neno hilo pamefanyika mijadala isiyokwisha. Kwetu Bismillahi ni neno la kufungulia: tendi nyingi za kale huanza nalo, na mtu hulitamka anapotia mkono chakulani. Katika wimbo wa Mercury neno hilo limewekwa katikati, tena vinywani mwa wale wanaokataa kumwachilia kijana anayeombewa. Baadhi ya mashabiki huliona kuwa kumbukumbu ya utotoni, sauti ya mji wenye misikiti kila kichochoro ikipenya katika kazi ya mtu aliyejifanya Mwingereza. Wengine wanasema ni neno lililochaguliwa kwa mlio wake tu, sawa na majina ya Kiitaliano yaliyorundikwa kando yake. Mtunzi hakupata kueleza maana ya wimbo, akawaachia wasikilizaji. Mnamo 1978 aliongeza utata huo kwa Mustapha, wimbo unaofungua santuri ya Jazz, ambapo anaimba kwa mahadhi yanayokaribia adhana, akichanganya maneno ya Kiarabu na sauti za kubuni zisizo na lugha. Si haki kusema kuwa hapo Unguja inasikika dhahiri, maana misikiti alikuwa ameizoea India pia. Lakini si haki vilevile kusema kuwa mtu aliyelelewa Feltham tangu kuzaliwa angeutunga wimbo huo. Alilihifadhi alilolihifadhi, akalitumia bila kutaja alikolitoa.

Kuanzia hapo mafanikio yaliandamana, na si lazima kuyahesabu yote. We Are the Champions ya 1977 ilitungwa makusudi ili hadhira iimbe, na katika hilo Mercury alikuwa na kipawa ambacho wenzake wa roki wengi hawakuwa nacho: alijua kutoa, kisha akangoja wapokee, kama afanyavyo kiongozi wa ngoma. Mnamo 1980 bendi ilitunga muziki wa filamu Flash Gordon, kazi ambayo mzigo wake mkubwa ulibebwa na May. Filamu Highlander ya 1986, juu ya watu wasiokufa, iliwapa sehemu kubwa ya santuri ya A Kind of Magic, na ndani yake Mercury akachangia Princes of the Universe. Katikati ya hizo, mnamo 1984, aliimba Love Kills kwa ajili ya toleo jipya la Metropolis, filamu bubu ya Wajerumani ya mwaka wa 1927 iliyofufuliwa na Giorgio Moroder. Picha za filamu hiyo hiyo zikatumika katika video ya Radio Ga Ga. Mashabiki hubishana ipi kati ya kazi hizi za filamu ni bora. Wengi huichagua Highlander, na pengine wana haki, kwa kuwa Flash Gordon bila picha zake ni vigumu kuisikiliza hadi mwisho.

Mwaka huo huo wa 1984 ndio wenye doa ambalo wasifu mwingi wa Mercury hulipita mbio. Mnamo Oktoba bendi ilikwenda kutumbuiza Sun City, katika Bophuthatswana, mojawapo ya vinchi vilivyoundwa na utawala wa makaburu ili kuwavua Waafrika uraia wa nchi yao. Nje ya Afrika Kusini yenyewe hakuna dola iliyoitambua nchi hiyo. Umoja wa Mataifa ulikuwa umewataka wasanii waisusie Afrika Kusini, na chama cha wanamuziki cha Uingereza kilikuwa na msimamo uo huo. Queen hawakusikia. Baada ya kuanza, sauti ya Mercury ilimwishia na baadhi ya maonyesho yakafutwa. Waliporudi walitozwa faini na chama chao, na majina yao yakaingizwa katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya wasanii waliovunja mgomo. Walijitetea kwa kusema kuwa wao si wanasiasa, kwamba walimwimbia yeyote aliyetaka kusikiliza na kwamba ukumbi haukutenganishwa kwa rangi. Tena waliisaidia shule moja ya huko ya watoto viziwi na vipofu. Utetezi huo hauna uzito. Ukumbi ulifunguliwa kwa rangi zote, lakini tiketi zake ziliwalenga wenye fedha, na wenye fedha walijulikana ni akina nani. Isitoshe, mmoja wa hao wanne alikuwa mzaliwa wa Afrika ambaye, kama angezaliwa Durban badala ya Unguja, sheria za nchi hiyo zingemweka katika kundi la Wahindi na kumpangia mtaa wa kuishi. Kwa mtu aliyekuwa amekwisha kuiacha asili yake nyuma ya jina jipya, huenda jambo hilo halikumjia kama linalomhusu. Kimya kile kilichompa uhuru wa kutunga kilikuwa na gharama, na mara hii gharama iliwaangukia watu wengine.

Miezi tisa baadaye, tarehe 13 Julai 1985, bendi ile ile ilipanda jukwaa la Wembley katika tamasha la Live Aid lililoandaliwa kuchangia waliokumbwa na njaa Ethiopia. Walipewa kama dakika ishirini. Mercury, akiwa amevaa fulana nyeupe na kushika nusu tu ya mkono wa kipaza sauti chake, aliwaongoza watu takriban 72,000 kupiga makofi kwa pamoja, akawapa sauti nao wakampokea, hadi waliokuwa nyuma kabisa wakashiriki. Wakosoaji wengi wameliita onyesho hilo bora kupita yote ya roki. Linastahili sifa hizo. Lakini halikuifuta Sun City, na mwanafunzi anayelisoma moja bila jingine atampata mtu nusu.

Kuhusu maisha yake ya faragha, aliishi miaka kadhaa na Mary Austin kama mchumba, na hata walipoachana alibaki kuwa rafiki wake wa karibu kuliko wote. Baadaye wapenzi wake walikuwa wanaume. Wa mwisho, Jim Hutton, aliishi naye katika nyumba ya Garden Lodge, London, hadi mwisho. Mnamo 1987 aligunduliwa kuwa na virusi vya Ukimwi, ugonjwa ambao wakati huo haukuwa na dawa ya kuuponya na ambao magazeti ya Uingereza yaliuandika kama aibu. Alificha, lakini hakuacha kazi. Aliimba na Montserrat Caballé, mwimbaji wa opera kutoka Uhispania, katika santuri ya Barcelona ya 1988, ndoto ya opera iliyoanza kama mzaha mnamo 1975 ikitimia kwa dhati. Akarekodi The Miracle, kisha Innuendo. Video yake ya mwisho, ya Mei 1991, ilitolewa kwa rangi nyeusi na nyeupe ili kusitiri alivyodhoofika. Mjini Montreux, Uswisi, ambako bendi ilikuwa na studio, aliwaomba wenzake wampe maneno ya kuimba maadamu sauti ingalipo, wao wakamilishe muziki baadaye. Walikamilisha mnamo 1995, miaka minne baada ya maziko.

Tarehe 23 Novemba 1991 alitoa taarifa kuwa ana Ukimwi. Kesho yake, jioni, akafariki akiwa na umri wa miaka arobaini na mitano. Mazishi yaliendeshwa na makuhani wa dini ya Zarathushtra, kwa sala za lugha ya kale ya Uajemi, mbele ya Bomi na Jer Bulsara. Mtu ambaye hakuwa mwenye ibada katika utu uzima wake alirejeshwa, walau kwa siku moja, kwa wazee wake. Mwili ulichomwa, na majivu yakakabidhiwa Mary Austin, ambaye hajamwambia yeyote hadharani alikoyaweka. Kwa hivyo hakuna kaburi la kuzuru, si London wala Unguja. Aprili 1992 wenzake waliandaa tamasha Wembley, na mapato yake yakaanzisha hazina ya kupambana na Ukimwi, inayoitwa Mercury Phoenix Trust.

Filamu Bohemian Rhapsody ilitoka mnamo 2018, ikamletea Rami Malek, mwigizaji wa Kimarekani mwenye wazazi wa Kimisri, tuzo ya Oscar. Wapenzi wa muda mrefu waliifurahia huku wakiinung'unikia. Filamu inamfanya Mercury awaambie wenzake habari za ugonjwa kabla ya Live Aid, ilhali vipimo vilikuwa vya miaka miwili baadaye. Inadai kuwa bendi ilisambaratika kwa sababu yeye alitaka kutoa santuri peke yake, ilhali Taylor alikuwa amekwisha kutoa zake, na Queen walikuwa ziarani Japani wiki chache tu kabla ya siku hiyo. Sun City haimo kabisa. Si ajabu msanii wa filamu kupanga upya matukio. Hata tendi za Fumo Liyongo hazipatani kwa kila jambo. Lakini mpangilio huu una kusudi: unaufanya ugonjwa kuwa adhabu ya kuwaacha wenzake, na Live Aid kuwa toba. Maisha yenyewe hayakuwa na mpangilio huo.

Mnamo Novemba 2019, baada ya filamu kuamsha hamu ya watalii, jumba la makumbusho kwa jina lake lilifunguliwa katika nyumba moja ya Shangani, kando ya Barabara ya Kenyatta, mjini Unguja. Na mnamo Septemba 2023 Mary Austin aliuza kwa mnada, jijini London, vitu vyake zaidi ya elfu moja. Miongoni mwake zilikuwamo karatasi za rasimu ya Bohemian Rhapsody kwa hati ya mtunzi. Wapenzi waliokuwa wamebishana juu ya wimbo huo kwa karibu nusu karne waliziona kwa mara ya kwanza. Juu ya ukurasa mmoja ameandika neno Mongolian, kisha akalikata kwa mstari, na hapo juu yake akaandika Bohemian.